Tupeane uzoefu: kidonda cha kisukari mguuni, usaha, na siku ya kuamua upasuaji

Binti wa Mzee

Ndugu zangu, uzi huu ni wa waliouguza au wanaougua kidonda cha mguu cha kisukari. Naomba tuelezane yaliyotokea hasa. Ushauri wa "jitunzeni" tumeshausikia. Naanza na yetu.

Baba ana kisukari mwaka wa 16. Nyayo zilikuwa zimeshakufa ganzi, kwa hiyo msumari ulipopenya soli ya kiatu alitembea nao mpaka jioni, alipoona damu kwenye soksi. Wiki nzima alikuwa akisema, "Mbona hakiniumi?" Nasi tukatulia, kana kwamba kisichouma hakiwezi kuwa kibaya. Siku ya nane kidole gumba kilikuwa chekundu, kimevimba, na sukari iliyokuwa ikicheza kwenye 9 ikawa haishuki chini ya 18 ilhali dawa anameza zilezile. Homa hakuwa nayo. Baadaye nikaelezwa kwamba wengi wenye maambukizi makali ya mguu hawapati homa. Ile sukari ndiyo ilikuwa ikituita.

Hospitalini daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma kilichotakaswa, akakiingiza kidondani taratibu. Kikagota. Akasema amegusa mfupa, na huenda bakteria wameshaingia humo. Akashauri kidole kiondolewe. Baba akakataa, nami nikamuunga mkono, na hilo nalibeba mpaka leo. Tukaomba ajaribiwe antibaiotiki za kuchomwa mshipani kwanza. Kumbe usaha ulikuwa umejifungia ndani na unafuata kano kuelekea unyayoni. Dawa husafiri na damu. Penye usaha uliojifungia na nyama iliyokufa damu haipiti. Siku ya nne ngozi ya unyayo ikawa nyeusi na harufu ikajaa chumba. Walimkata chini ya goti. Kidole tulichokikatalia kiliondoka na mguu.

Muuguzi wa Vidonda

Pole sana dada, na mpe pole Mzee. Usijihukumu peke yako. Familia nyingi husikia "kukata" na masikio yanaziba hapo hapo.

Nichangie kuhusu vipimo, maana hapa watu wengi hupotea. Pamba ikipitishwa juu ya kidonda ambacho hakijasafishwa, maabara huotesha kila kinachoishi juu ya ngozi, na mgonjwa anapewa dawa za wadudu ambao pengine hawana kosa. Sampuli ya kuaminika ni kipande cha nyama kutoka chini ya kidonda, baada ya kukisafisha na kuondoa nyama mfu, au kipande cha mfupa wakati wa upasuaji. Ikiwezekana ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibaiotiki. Kidonda kipya mara nyingi huwa na bakteria waitwao stafilokokasi au streptokokasi. Kidonda cha miezi kilichopita kwenye dawa nyingi huwa na mchanganyiko, pamoja na wale wasiohitaji hewa, ambao ndio wenye ile harufu. Na kidonda kisicho na dalili za maambukizi hakihitaji antibaiotiki kabisa. Kioshwe, kifungwe, kisikanyagiwe.

Mguu Mmoja Nusu

Mimi ndiye mgonjwa. Kidonda kilikuwa pembeni ya unyayo, chini ya kidole cha mwisho, palipokuwa na sugu. Eksirei ya kwanza ilikuwa safi, nikafurahi. Wiki tatu baadaye ikarudiwa na mfupa ulionekana umelika. Daktari alinieleza kwamba mfupa huchelewa kuonyesha uharibifu kwenye picha, hivyo picha safi ya siku za mwanzo haitoshi kumwachia mtu.

Nilipewa njia mbili: antibaiotiki kwa takriban wiki 6, au kuondoa kipande cha mfupa. Majibu ya kuotesha yalionyesha mdudu sugu kwa dawa mbili, zilezile nilizokuwa nimejinunulia na kuziacha katikati. Nikachagua upasuaji. Ukingo wa mfupa uliobaki ulipimwa ukakutwa safi, nikameza dawa siku chache tu.

Kazi ikawa kutokanyaga. Nilifungwa plasta wiki kadhaa. Nilipopona, uzito ulihamia kwenye mfupa wa jirani, na kabla mwaka haujaisha kidonda kingine kikafunguka hapo. Kliniki waliniambia takriban watu 4 katika 10 hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Sasa viatu vyangu vina soli ya kupimiwa, na kila usiku nakagua nyayo kwa kioo.

Mama Mapacha

Yetu iko tofauti kidogo na ya aliyeanzisha uzi. Mama yangu mzazi aliambiwa siku ya kwanza kwamba atakatwa mguu. Kaka yangu akauliza jambo moja: "Damu inafika vidoleni?" Hakuna aliyekuwa amepima. Wakapima shinikizo la damu mguuni, wakakuta mshipa umeziba chini ya goti. Usaha ulitolewa usiku uleule, maana huo haungoji. Siku chache baadaye mshipa ukazibuliwa kwa mpira mwembamba wenye puto. Hapo ndipo wakaondoa kilichokufa: vidole viwili. Jeraha liliachwa wazi, likajaa kutoka chini kwa miezi mitano. Anatembea.

Binti wa Mzee

Mama Mapacha, swali hilo hatukuliuliza. Kwetu tulibishana kati ya kukata na kutokata. Hakuna aliyetaja mishipa, wala kwamba kutoa usaha ni upasuaji peke yake, na mtu anaweza kuukubali huo leo huku mengine yakiendelea kujadiliwa. Ningelijua, ningemwambia Baba hivyo.

Msomaji Kimya

Samahanini, nimesoma yote. Mume wangu ana lengelenge kisiginoni tangu Jumapili. Limepasuka, wekundu umepanda hadi kwenye kifundo. Haliumi. Leo asubuhi sukari 21. Tulipanga kwenda Jumatatu.

Muuguzi wa Vidonda

Dada, nendeni sasa hivi. Asikanyage huo mguu. Mkifika, taja wekundu uliopanda na hiyo 21 kabla ya jambo lingine lolote.

Msomaji Kimya

Tumefika. Wamefungua kisigino, usaha umetoka mwingi. Kipande cha nyama kimepelekwa maabara kabla ya sindano ya kwanza. Nimewauliza kuhusu damu, wanampima vidole sasa hivi.