Naomba ushauri: kuskani majalada ya zamani ya Die Gartenlaube

Wakuu, habari zenu. Nina majalada matatu ya Die Gartenlaube, jarida la familia la Kijerumani ambalo Ernst Keil alilianzisha Leipzig mwaka 1853. Nayaskani kwa ajili ya utafiti, lakini karatasi za miaka ya 1880 zimegeuka kahawia. Ukikunja kona inavunjika kama kaukau.

Kinachonitesa zaidi ni herufi za Fraktur, yaani chapa ya zamani ya Kijerumani. Ile s ndefu inayofanana na f, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi inaisoma f, basi ukitafuta neno hulipati. Kuna programu iliyofundishwa herufi hizo?

Halafu mgongo wa jalada umebana, mistari ya ndani inapinda. Fundi mmoja kanishauri nikate nyuzi zilizoshona kurasa, roho ikagoma. Nipige picha kwa kamera, jalada likiwa nusu wazi?