Dogo anataka kuweka Valorant kwenye PC yenye pasipoti za wageni, hizi antichiti ni salama kweli?

bukingi_njiro
Wakuu habari za jioni. Nipo Arusha, nafanya bukingi za safari kutokea nyumbani, kwahiyo PC yangu imejaa skani za pasipoti za wageni, tarehe za ndege, mpaka taarifa za ugonjwa za wale wanaopanda mlima. Sasa dogo kafunga chuo, anataka aweke Valorant, nikamwambia poa, mara ananiambia lazima tuingie BIOS (mipangilio ya PC kabla Windows haijawaka) tuwashe Secure Boot na TPM, vitu vya ulinzi wa mashine, alafu kuna antichiti ya hilo gemu, yaani programu ya kukamata wanaodanganya, inaitwa Vanguard, itakuwa inawaka kila PC ikiwaka hata kama hachezi. Hapo nikamwambia simama kwanza. Gemu la kupiga risasi linatafuta nini kwenye kuwaka kwa Windows yangu? Wanaweza kuona mafaili? Mgeni kanipa pasipoti yake nimfanyie bukingi, hajanipa niigawe.

fundi_wa_kaloleni
Umefanya vizuri kumsimamisha. Iko hivi mkuu, programu za kawaida zinakaa juu, draiva (programu zinazoongea na vifaa vya mashine) zinakaa chini kwenye kerneli ambako ndo kuna mamlaka yote ya mashine. Wauza chiti, zile programu za kudanganya kwenye gemu, walishahamia huko chini siku nyingi, ukiwa juu huwaoni, ndo maana Vanguard toka 2020 nayo inashuka huko na inawahi kuwaka kabla yao. Sio zote ziko hivyo, VAC, antichiti ya kampuni ya Valve, inabaki juu, na Ricochet ya gemu la Call of Duty inashuka ila gemu likizimwa na yenyewe inazima.
Mi siwazi kwamba Riot, wenye Valorant, watakaa wasome pasipoti za Wajerumani wako. Nawaza tundu. Mwaka 2022 Trend Micro, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza jinsi wahalifu walivyochukua draiva ya antichiti ya gemu la Genshin Impact, mhyprot2.sys, wakaipachika kwenye kompyuta za watu, na haihitaji hata gemu lenyewe liwepo, wakaitumia kuzima antivirusi ili wafunge mafaili wadai hela. Draiva ilikuwa halali kabisa, ina saini zote, Windows ikaipokea.

mangi_gg
Mi nacheza kila siku hapa Moshi na naona mnamtisha bure. Programu yoyote unayoweka, hata ya kushushia miziki, inaweza kusoma hiyo folda yako bila kugusa kerneli na Windows haiulizi kitu. Kama humwamini mwenye gemu usiweke gemu lake kabisa, hata lisilo na antichiti. Na nyie mnaoilaumu Vanguard hamjawahi kucheza mechi za ranki (za kupanda daraja) na mtu anayekuona kupitia ukuta, umelipia bando, umekaa na timu yako vizuri, mnakufa raundi zote, inauma aisee. Mi naogopa zaidi hizi Windows za kukraki.

fundi_wa_kaloleni
Mangi kwenye mafaili uko sahihi na wengi hawalijui hilo. Ila cha juu antivirusi inakiona na unaweza kukiua, cha chini hakina anayekisimamia. Na kikikosea kinaangusha mashine nzima, Julai 2024 apdeti moja mbovu ya CrowdStrike ilipeleka Windows kama milioni 8.5 kwenye skrini ya bluu, na ile ni programu ya ulinzi, sio gemu.

dada_wa_data
Ndugu yangu wa Njiro, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na wewe unayekusanya pasipoti unahusika hata kama ofisi ni sebuleni. Zikivuja unaulizwa wewe, dogo haulizwi. Na kumfungulia akaunti yake ndani ya Windows hiyohiyo hakusaidii, kerneli ni moja.

bukingi_njiro
Asanteni sana, nimewasoma wote. Kununua PC nyingine saizi haiwezekani, lou sizoni hii. Je nikimwekea disiki yake ya SSD na Windows yake?

fundi_wa_kaloleni
Inafaa, ila disiki ya kazi uifunge na BitLocker, kufuli ya mafaili ya Windows, la sivyo Windows ya dogo inaisoma yote. Na kabla hamjagusa Secure Boot andika ile rikavari kii ya BitLocker (namba ya kufungulia disiki) kwenye karatasi, ukibadilisha mambo ya BIOS inaweza kukudai hiyo kii yenye tarakimu 48 na kama huna ndo basi. Akimaliza kucheza hana haja ya kuzima Vanguard, azime PC, wewe uwashe kwa disiki yako. Kama kuna uwezekano siku za kazi chomoa kabisa waya wa disiki yake.

bukingi_njiro
Sawa mkuu. Kesho nashuka mjini kutafuta SSD, dogo nimeshamwambia mpaka hapo hakuna kitu kinawekwa.