Krola: ekseli ya mbele inalia tak-tak nikikata kona

Wakuu, krola yangu ya 1/10 (gari la rimoti la kupanda miamba, moja ya kumi ya gari halisi) inanisumbua. Tangu niifunge vipande vya shaba karibu na magurudumu ya mbele inang'ang'ania mwamba vizuri mno. Ila nikipinda usukani mpaka mwisho huku napanda, ekseli inalia tak-tak-tak na tairi linasita. Ikienda moja kwa moja, kimya. Meno ya gia nimeyakagua, hayajalika. Nianzie wapi?

Jibu 1
Hongera kwa shaba, mkuu, uzito wa chini ndio wenyewe. Sasa inua gari, pinda usukani mpaka mwisho, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Likikwama mahali palepale kila mzunguko, ni kiungo cha shafti, pembe imezidi. Punguza kikomo cha kupinda usukani kwenye rimoti, au weka shafti za yunivasali, zenye kiungo cha pini kinachojikunja. Zile za mfupa (ncha zake zimevimba kama mfupa) hazipendi pembe kali.

Jibu 2
Naongezea: shika tairi zote mbili za mbele zisizunguke, kisha zungusha shafti ya kati, ile inayoleta nguvu kwenye ekseli. Ikiruka jino, pinioni (gia ndogo) na gia kubwa ndani ya ekseli zimeachana. Weka washa (pete nyembamba) ya 0.1 mm nyuma ya beringi ya gia kubwa, usogeze meno karibu. Ikiwa nzito kuzunguka, umezidisha, toa.

Muulizaji
Asanteni sana. Shafti ya kati haikuruka. Gurudumu la kushoto ndilo linakwama, na shafti zangu ni za mfupa. Naagiza yunivasali, za chuma.

Jibu 1
Safi. Usisahau grisi kwenye pini.