Mahindi ya kumwagilia: nafasi ya sentimita 75×25 (mstari kwa mche) kwa matone au 75×30 kwa mifereji?

Tumaini_Shamba: Wakuu, kabla sijanunua mipira ya kudondoshea maji (matone) naomba ushauri. Kipi kinatoa mahindi mengi kwa maji machache?

MkulimaMkongwe: Udongo gani? Maji ya kisima au mto? Ukubwa wa shamba? Hujasema hata kimoja, tukujibu nini?

JuaKali: Matone tu. Kwenye mfereji karibu nusu ya maji hupotea njiani. Matone hufikisha kama asilimia 90 kwenye mizizi.

Bi_Mbegu: Piga hesabu kwanza. 75×25 mche mmoja ni mimea 53,333 kwa hekta, 75×30 ni 44,444. Ukibananisha bila kuongeza mbolea na maji, utavuna mabua. Mimi napanda 75×50, mbegu mbili shimoni: idadi ni ile ile ya 75×25, mashimo nusu.

JuaKali: Mbili shimo moja zinagombania chakula, dada.

Bi_Mbegu: Zinagombana kwako. Kwangu zinabeba.

Kichuguu: Hayo matone yalinitoa machozi. Fundi alisema maji ya bwawa hayahitaji chujio. Mwani na tope vikaziba matundu, mwanzo wa mpira mahindi kijani, mwishoni yamejikunja. Majani yalishafunika mistari, huoni kitu mpaka uingie katikati. Kiu ikayakuta yakitoa mbelewele, ndevu zikachelewa, chavua ikapeperuka bure. Magunzi yakawa na mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Halafu panya nao wakaitafuna mipira!

Tumaini_Shamba: Samahani wakuu. Kichanga, kisima, ekari moja na nusu.

MkulimaMkongwe: Kumbe kichanga! Mfereji mrefu sahau, maji yatazama kabla ya kufika mwisho. Hata matone, usiweke mpira mmoja kati ya mistari miwili. Kwenye kichanga maji hushuka chini, hayasambai pembeni. Mwagilia kidogo kidogo, mara kwa mara. Na mahindi hutaka milimita 500 hadi 800 kwa msimu. Ekari moja na nusu ni kama hekta 0.6, kwa hiyo si chini ya lita milioni 3. Kisima chako kinatoa lita ngapi kwa saa?

Bi_Mbegu: Na samadi tele, ishike unyevu.

JuaKali: Katikati ya mistari weka maharage.

Kichuguu: Maharage yanywe maji ya nani? Pima kisima kwanza.

JuaKali: Yanafunika udongo, jua lisiukaushe. Anayebisha aje na sababu.