Meko ya sebule imechoka: nitengeneze, niweke jiko la chuma ama nihamie gesi?

sweta_mbili: Wadau nisaidieni. Tumeachiwa nyumba ya mawe ya enzi za mkoloni huku Lavington, vigae vyekundu, sebule kubwa kama kanisa, na mwezi wa saba hapa unakaa ndani na koti. Meko imepasuka huko nyuma, ufa unaingiza kidole, na ukiwasha kuni moshi nusu unapanda nusu unarudi kwetu, mamangu akitutembelea anakaa na leso puani. Niko na 60k, haiongezeki. Nirekebishe hiyohiyo, niingize jiko la chuma lenye mlango, ama nizibe niweke hita ya gesi?

fundi_mawe: Usibomoe kitu bado. Choma gazeti moja pale kwa mdomo wa bomba la moshi uone moshi unavutwa ama unazubaa. Ukizubaa, bomba limeziba. Ukivutwa na bado sebule inajaa, basi mdomo wa meko ni mkubwa kuliko bomba, shika kipande cha bati pale juu uteremshe polepole moto ukiwaka, pale moshi unaacha kurudi ndio kipimo chako. Ufa nao utajazwa na udongo wa moto na matofali ya moto, yale ya kustahimili joto kali, na fundi akikuja na simiti ya kawaida mrudishe, joto litaipasua kabla Agosti iishe.

mama_pacha: Mimi nilienda gesi na sijutii, hakuna jivu hakuna kuni. Hita ya vibao vitatu, mtungi wa kilo 13 unanipea kama masaa 40, kwa hivyo masaa manne kila jioni ni siku kumi. Lakini madirisha yanatoa jasho aki, na lazima uache moja wazi kidogo.

fundi_mawe: @mama_pacha hiyo ya dirisha si ya kuchezea, hewa chafu ya moto haina harufu, inakulaza tu. Na usilale na hita ikiwaka.

karura_upepo: Jiko la chuma ndio mambo, meko wazi joto karibu lote linapanda na bomba unabaki umepasha ndege. Shida ni lile bomba la chuma la kupitisha ndani ya bomba la zamani, linatakiwa lifike mpaka juu kabisa na hilo ndilo hula pesa kushinda jiko lenyewe. Kwa 60k utabana sana. Ya stima je? Wati 2000 masaa matatu ni yuniti sita kila jioni, piga hesabu na tokeni zako.

mama_pacha: Stima ikipotea je 😂

fundi_mawe: Ukiamua kuziba, usizibe kama kaburi. Juu weka kofia, chini acha tundu la hewa, la sivyo ukuta unashika unyevu na rangi inabambuka.

sweta_mbili: Nimerudi. Jamaa amepanda Jumamosi akatoa ndoo mbili na nusu za viota vya ndege, na bati lenye kutu lililolazwa juu ya bomba, mzee marehemu ndiye aliliweka na hakuambia mtu. Jana tumewasha kuni kavu na moshi umepanda wote. Gesi nimeachana nayo, natengeneza meko ileile. Matofali ya moto mnanunua wapi mtu asinichune?