Mnatuhoji getini kabla hatujaingia msituni, halafu mnaandika "wageni wameridhika"?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, asiyependa kelele apite tu.

Hivi unamwulizaje mtu "umeridhika kwa kiasi gani na njia za miguu" wakati ndiyo kwanza anashuka kwenye gari? Yamenikuta kwenye msitu mmoja wa umma, jina nalihifadhi. Binti wa watu kasimama getini na kishikwambi, ananiuliza kuhusu vyoo, vibao na usalama wa huko ndani. Namwambia dada, mimi bado sijaingia. Ananijibu kwa upole kabisa: "Weka tu wastani kaka, ukiacha wazi fomu haiendi mbele." Nikachungulia kioo. Kila swali lina kinyota chekundu, moja hadi tano, hakuna kisanduku cha "sijui" wala "hainihusu". Basi ikawa tatu, tatu, tatu mpaka mwisho. Hizo tatu leo zimo kwenye grafu ya mtu.

Yule binti simlaumu hata kidogo. Amepewa idadi ya fomu za kufikisha kwa siku, na getini asubuhi ndipo watu wanapopatikana kwa urahisi. Ninaowasema ni waliokaa ofisini wakapanga kazi hivyo, kisha wakatoka na mpango wa usimamizi wa miaka mitano: kupanua maegesho, kujenga mnara wa kutazamia mandhari, na eti sehemu maalumu ya kupigia picha. Daraja la mbao kwenye njia ya ndani limeoza, mbao mbili hazipo, unavuka umeshika kamba. Kwenye mpango halina hata sentensi moja. Litaingiaje, wakati waliohojiwa walikuwa hawajalifikia?

Na wasituambie kwamba kazi hii ni ngumu au haijulikani inavyofanyika. Idara ya misitu ya Marekani ina misitu ya taifa 154, na tangu mwaka 2000 ina utaratibu mmoja wa kuhoji wageni, kila msitu kwa zamu mara moja kila miaka mitano. Wanamsimamisha mtu anayetoka, na wanamwuliza kwanza kama ndiyo anaondoka moja kwa moja au anarudi. Siku za kuhoji zinachaguliwa mapema kwa bahati nasibu, zile za msongamano na zile tulivu, kwenye kambi, kwenye sehemu za kushinda mchana bila kulala na huko porini kusiko na huduma. Sisemi wao ni malaika. Nasema tu kwamba kumngoja mtu atoke hakuhitaji shahada ya pili.

Kuna anayeweza kusema suluhisho ni kuzunguka na fomu ndani ya msitu. Hapo napo kuna mtego. Chukua makundi mawili yenye watu sawa, moja linakaa saa moja, jingine saa sita. Karani anayezunguka ana nafasi mara sita ya kukutana na hao wa saa sita. Usiporekebisha hesabu, ripoti itakuambia msitu umejaa watu wa kukaa kutwa nzima, utajenga mabanda ya kupumzikia, na yule anayepita alfajiri kukimbia au kutembeza mbwa atabaki bila taa wala njia kavu. Kwenye kundi pia wanamhoji nani? Mwenye gari, au mwenye sauti kubwa. Wakati dawa yake inajulikana miaka mingi: muulize ambaye siku yake ya kuzaliwa imepita karibuni zaidi. Ni sekunde kumi tu.

Takwimu za magari ndiyo msizigusie kabisa. Ule mrija wa mpira uliolazwa barabarani hauhesabu magari, unahesabu ekseli, yaani jozi za magurudumu, zinazoukanyaga. Gari dogo lina ekseli mbili, na likitokea geti lile lile linaukanyaga tena. Mikanyago 400 kwa hiyo ni safari 100 za gari, tena kabla hujaondoa magari ya watumishi, malori ya kubeba taka na yule aliyepotea akageuza. Lazima mtu akae pale siku kadhaa ahesabu kwa macho, aone ni wangapi kweli wamekuja kutembea na ndani ya gari wako wangapi. Nimeuliza kama hilo lilifanyika, nikaambiwa "mtambo ni wa kisasa".

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni watu ambao hawakuwepo. Aliyechoshwa na pikipiki kwenye njia za miguu ameshahama. Mama aliyekuta vyoo vina kufuli akiwa na watoto hakurudi. Mwenye kiti cha magurudumu aliishia kwenye ngazi ya kwanza, siku hiyo hiyo. Wasichana wanaoogopa ile njia isiyo na mtu wala mtandao hawaji kabisa. Hawa wote getini hawapo, kwa hiyo dodoso linahoji waliobaki, na waliobaki ni wale wanaovumilia. Ndiyo maana alama za kuridhika zinakuwa juu kila mwaka hata msitu ukichakaa! Uingereza, kuanzia 2009 hadi 2019, walikuwa na utafiti wa kuwahoji watu majumbani kwao kila wiki kuhusu kutoka kwenda maeneo ya asili, pamoja na wale wasioenda, na wakawauliza kwa nini hawaendi. Hilo swali la mwisho peke yake lina faida kuliko kurasa zote za grafu za rangi nilizoziona.

Kuna mkuu atakuja hapa kusema "bora hata wameuliza". Hapana. Wasingeuliza, tungesema mpango ni wa kwao na tungeupinga kama wa kwao. Sasa ukilalamika unaonyeshwa ukurasa: wananchi walishirikishwa, asilimia kadhaa wanataka mnara. Wanautaka wapi? Fomu iliorodhesha vitu vitano vya kujenga, ukarabati haukuwa hata kimoja.

Mwenye kujua utaratibu wa kuomba majibu ghafi ya utafiti uliofanywa kwa pesa ya umma aniwekee hapa chini, majina ya watu yakiwa yameondolewa. Kishikwambi kinarekodi chenyewe saa ya kila fomu. Nataka kuona ngapi zilijazwa asubuhi getini, na ngapi zina tatu mstari mzima.