Naomba ushauri: mrija wa pili baada ya kupunguzwa tumbo
Wandugu wauguzi wa Bukavu, naomba ushauri. Mama wa Kadutu, siku ya 9 tangu akatwe ngozi ya tumbo iliyolegea na misuli ishonwe. Mrija wa kushoto, wa kutoa maji ya kidonda, unatoa mililita 20 kwa saa 24, maji ya manjano. Huo nautoa, uko chini ya 30. Wa kulia bado 60, mekundu kidogo. Ukitolewa mapema, maji hujikusanya chini ya ngozi, ukigusa tumbo linachezacheza. Mnangoja hadi lini kabla ya kuogopa vijidudu? Mkanda wa kubana tumbo anavaa mchana na usiku, analala magoti yamekunjwa. Shida ni bidoni ya maji ya lita 20 na huo mlima wa Kadutu! Wiki 6 bila kubeba, familia mnaielezaje ikubali?